Hina Iliyomnyamazisha Bi Kalunde

Ukiwasimulia wenzako haya ninayokuambia sasa hivi, watasema umeyatunga. Hata mimi mara ya kwanza nilibisha. Bibi mmoja wa hapa hapa Tabora, mwanamke aliyekuwa akiongea kuanzia alfajiri mpaka taa inazimwa, alinyamazishwa katikati ya shughuli ya harusi, mbele ya wanawake waliojaa uani. Na kilichomnyamazisha ni hina aliyoichanganya kwa mikono yake mwenyewe. Pale uani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa nini, naye alikuwa mtoto. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ni wakati ule Mwingereza anatawala Tanganyika, miaka michache baada ya vita kubwa ya pili kwisha. Swaumu alikuwa msichana wa darasa la nne, akiishi mtaa wa Ng'ambo na bibi yake, Bi Kalunde. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alichuma majani ya mhina.

Mhina wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, karibu na uzio. Ukiutazama hivi hivi unaweza kuupita. Kichaka tu, majani madogo madogo, miiba kidogo kwenye matawi ya zamani. Lakini ukichanua, mtaa mzima unajua. Maua yake ni madogo kama punje za mtama, meupe yenye umanjano, yamekaa kwa vishada, na harufu yake inapita ukuta na uzio inamfuata mtu barabarani mpaka ageuke. Bi Kalunde alisema mbegu yake ililetwa na mama yake mzazi kutoka Bagamoyo, imefungwa kwenye pindo la kaniki, kwa miguu, nyuma ya msafara wa wapagazi waliokuwa wakirudi huku kwetu Unyanyembe.

"Wenzake walibeba shanga, walibeba vitambaa, walibeba bunduki," alikuwa akisema. "Mama yangu alibeba harufu."

Kazi ya hina ilikuwa na taratibu zake. Majani hukaushwa kivulini, maana juani nguvu yake hufa. Halafu hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi, ndipo yanachanganywa na maji ya ukwaju. Jani la mhina ukilitazama ni la kijani kama majani mengine yote. Rangi nyekundu imo ndani, imejificha, na inataka kitu kichachu cha kuitoa, tena polepole. Ukwaju ukiwa mkali mno au ukipooza, rangi inakuwa duni. Na Bi Kalunde hakuwa na kipimo cha kupimia uchachu. Alitumia ulimi. Alichovya kijiti, akalamba, akafumba macho, akasema, "Bado," au akasema, "Imekubali." Tabora nzima waliamini ulimi ule. Hapakuwa na bibi harusi mjini aliyetaka kupakwa na mtu mwingine.

Kwa ajili ya kazi hiyo vidole vya Swaumu vilikuwa na rangi ya kutu siku zote, hata akivisugua vipi. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Shuleni kwao walipata habari kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kukagua. Kuta zikapakwa chokaa, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Asubuhi iliyofuata, kwenye ukuta wa mbele, karibu na mlango, palikuwa na alama ya kiganja. Kiganja kizima, chekundu kinachoelekea weusi.

Mwalimu Damas aliwapanga wanafunzi mstarini. Alikuwa mwalimu mzuri, lakini siku hiyo jasho lilimtoka, maana Bwana Shauri alikuwa anakuja siku ileile.

"Nani ameshika ukuta wangu?"

Wanafunzi wakatazama miguu yao.

"Nauliza mara ya mwisho."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, nyororo kabisa. Ilikuwa sauti ya Mwanajuma, jirani yake Swaumu, binti wa fundi Mfaume mshona kanzu. "Mwalimu, mtu mwenye hina mikononi humu si yuko mmoja tu?"

Macho yote yakageuka. Swaumu akatazama vidole vyake. Alitaka kusema kwamba vyake vina rangi nchani tu, na kwamba hina kavu haiachi alama ukutani, ni hina mbichi ndiyo inaacha. Hakuulizwa. Alipigwa viboko vya mikononi mbele ya shule nzima, halafu akapewa ndoo ya chokaa na brashi ya katani, aufute ukuta kabla ya mgeni kufika. Na alipokuwa akipaka, mikono imevimba, akageuka akamwona Mwanajuma anacheka. Akaona jambo la pili pia. Kiganja cha kulia cha Mwanajuma kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga mpaka kimechubuka, na kwenye mistari ya kiganja, ndani ndani, bado palikuwa na wekundu.

Basi akajua.

Kuanzia siku ile jina lake likawa Mikono ya Kutu. Kisimani, Mikono ya Kutu. Wakicheza rede, Mikono ya Kutu asirushe mpira, atauchafua.

Rafiki yake Pelagia, aliyekuwa akija shule kutoka kijiji cha Itetemia, nje ya mji, alimwambia, "Kamwambie bibi yako. Bibi yako akisimama pale shule, hata Mwalimu Damas atakaa kitako."

"Nikisema, vile viboko vitarudi kwenye fimbo?"

"Havirudi."

"Basi sisemi. Nataka naye apate."

"Apate nini?"

"Mikono yake. Nataka mikono yake."

Pelagia akamtazama rafiki yake kama anayemtazama mtu mgeni, akaacha kuuliza.

Nyumbani Bi Kalunde aliona mikono imevimba. "Umefanya nini?"

"Nimeanguka, bibi."

"Umeangukia mikono yote miwili, pande zote mbili?"

"Ndiyo, bibi."

Bi Kalunde alikuwa na maneno mengi, akahamia kwenye maneno mengine. Lakini Swaumu kila akichuma jani alikuwa akihesabu moyoni yale anayotaka kumfanyia Mwanajuma. Kumsukuma kisimani, hapana, ataokolewa. Kumchania daftari, hapana, atapewa jingine. Alitaka kitu kitakachokaa mikononi. Alikuwa analala nacho, anaamka nacho, chakula hakina ladha. Alikonda, na bibi yake akadhani ni homa akamnywesha mwarobaini.

Ndipo mama yake Mwanajuma alipokuja kubisha hodi. Binti yake mkubwa, Nyamizi, anaolewa. Nikaha Jumapili, hina Jumamosi.

"Na mdogo wake naye atapakwa, Bi Kalunde. Mdogo wa bibi harusi ana haki yake."

"Ana haki yake," akajibu Bi Kalunde. "Nitamtengea bakuli lake, na Swaumu ndiye atakayempaka."

Swaumu alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama hewani. Halafu akaendelea kutwanga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukuta, akatabasamu.

Jumamosi asubuhi Bi Kalunde alichanganya hina, akaonja, akasema imekubali. Akaigawa, bakuli kubwa la bibi harusi na kibakuli kidogo cha udongo cha Mwanajuma. Akavifunika kwa majani ya mgomba, akaviacha vitulie. Adhuhuri ilipoadhiniwa akaenda ndani kuswali.

Sasa, uzio wa nyumba ya Bi Kalunde ulikuwa wa minyaa. Unaijua minyaa. Ile miti isiyo na majani, vijiti vitupu vya kijani, ukivunja kimoja kinatoa maziwa meupe. Kila mtoto wa Tabora ameonywa: maziwa yale yanaunguza ngozi, na yakiingia jichoni unaweza kuwa kipofu. Swaumu naye ameonywa tangu anatambaa. Akaenda kwenye uzio akavunja vijiti, kimoja baada ya kingine, akavikamulia kwenye kibakuli. Akakoroga. Rangi haikubadilika, hina ikawa nyepesi kidogo tu.

Tone moja lilimwangukia katikati ya vidole. Likaanza kuwaka kama upupu uliochanganywa na pilipili. Akajifuta kwenye kanga, akatazama pale panapouma, na unajua aliwaza nini? Aliwaza, kama tone moja ni hivi, mikono miwili mizima itakuwaje. Akafurahi.

Uani kwa fundi Mfaume mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wameshakaa, vigelegele vinapokezana. Nyamizi alikaa katikati amejifunika kanga, miguu ameinyoosha. Pembeni yake Mwanajuma, amesukwa, amepakwa wanja, anajiona naye bibi harusi.

"Karibu, Mikono ya Kutu," akasema taratibu, wasichana wenzake wasikie. "Leo unipake vizuri. Si kama ulivyopaka ukuta."

Wasichana wakacheka.

"Nitakupaka hata usisahau," akajibu Swaumu.

Bi Kalunde alikuwa ameshaanza hadithi zake, za msafara, za Bagamoyo, za bibi harusi wa Kwihara aliyekimbia na hina mbichi mikononi. Wanawake wanacheka wanapiga makofi. Mama Nyamizi akafunua mabakuli. La kwanza akaitikia kwa kichwa, zuri. La pili akainamisha kibakuli, akakunja uso.

"Bi Kalunde, mbona hii ya mdogo maji maji? Kubwa umeikaza, ndogo umeikimbizia kisima. Au huyu mwanangu wa pili si mtu?"

Wanawake wakaguna. Bi Kalunde akakata hadithi yake.

"Hina yangu? Maji maji?"

"Tazama mwenyewe."

"Hina haitazamwi, mwanangu. Hina inaonjwa." Akachukua kijiti, akachovya kwenye kibakuli. Hakuwa na haraka. Alikizungusha kijiti mbele ya wanawake wote, kama fundi anayeonyesha kazi yake. "Nimeonja hina ya mama yako wewe, Mama Nyamizi. Nimeonja hina yako. Leo naonja ya wanao, na mtaniambia nani kaweka maji."

Swaumu aliona kijiti kikizunguka. Mdomo wake ulifunguka. Neno lilikuwa moja tu: usionje. Nafasi ilikuwepo, tena kubwa, maana bibi yake alikuwa anaringa. Lakini akisema, wataulizana kwa nini. Na Mwanajuma atabaki amekaa pale pale na mikono yake misafi, akicheka. Swaumu aliitaka ile mikono. Aliingojea siku nyingi mno. Akaufunga mdomo.

Bi Kalunde akalamba.

Akafumba macho kama kawaida yake. Halafu akayafumbua, makubwa. Kijiti kikaanguka. Akatema, akatema tena, akashika koo, mate yanamtoka kama mtoto. Ulimi ukaanza kuvimba pale pale watu wakiona. Alijaribu kusema, ikatoka sauti tu, kama ya bata.

"Maziwa," akasema Nyamizi, akitupa kanga yake pembeni. "Leteni maziwa na maji. Asimeze kitu, asukutue."

Wakati wanamsukutulisha, minong'ono ilikuwa imeshaanza. Unaijua minong'ono ya shughuli. Mmoja alisema ni sumu. Mwingine akauliza, sumu kwenye kibakuli cha mtoto, kwa nini? Na wa tatu, aliyekaa karibu na mlango, akasema lile neno ambalo likitoka halirudi.

"Huyu bibi ni mchawi. Alikusudia kuwatoa kafara watoto wa watu, dawa imemrudia mwenyewe."

Pale uani pakawa baridi. Mama Nyamizi akawavuta binti zake nyuma. Wanawake waliokuwa wamekaa jirani na Bi Kalunde wakakusanya kanga zao, wakasogea. Yeye alikuwa anatikisa kichwa, anaonyesha mkono, anataka kujitetea, na mwanamke aliyekuwa na maneno kuliko wote mjini hakuwa na hata moja. Akazungusha macho kutafuta mtu wa kumsemea. Macho yakafika kwa Swaumu. Yakashuka kwenye vidole vyake, vilivyokuwa vyekundu, vimetoa lengelenge. Yakakaa hapo.

Swaumu akasimama.

"Bibi yangu si mchawi," akasema. "Ni mimi. Nimeweka maziwa ya mnyaa."

Mama Nyamizi akainua mkono ampige. Nyamizi akaudaka ule mkono.

"Mama, ngoja. Nataka nijue mimi nimemkosea nini."

"Si wewe," akasema Swaumu. "Ni Mwanajuma. Alishika ukuta wa shule na hina mbichi, akamwambia mwalimu ni mimi. Nikapigwa. Nikataka mikono yake iungue."

"Mwongo huyo," akasema Mwanajuma haraka. "Dada, anasingizia, ana kijicho."

Nyamizi akamgeukia mdogo wake. Hakupandisha sauti. "Yale majani mabichi uliyoniletea nikutwangie, nikakupaka kiganja kizima asubuhi kabla hujaenda shule. Nilikuuliza umepewa na nani. Ulisema nini?"

"Nilisema nimepewa."

"Na nani?"

"Na Swaumu."

"Swaumu, ulimpa?"

"Hata jani moja."

"Na siku ileile ulirudi kutoka shule umechubuka kiganja, ukasema umeangukia mchanga. Mwanajuma, nitazame mimi. Kesho naondoka nyumba hii. Unataka niondoke na uongo wako?"

Mwanajuma alijaribu kumtazama, akashindwa. Akaanza kulia, wanja ukamshuka mashavuni. "Nilichomwa na mwiba mguuni," akasema. "Nikaegemea ukuta niutoe. Sikukusudia. Mwalimu alipouliza nikaogopa fimbo."

Basi wanawake wakawa hawajui wamwangalie nani. Yule wa mlangoni, aliyetoa neno la uchawi, akaanza kukunja mkeka ambao hata haukuwa wake.

Kibakuli kikamwagwa shimoni, kikafukiwa. Na lile bakuli kubwa nalo likamwagwa, ingawa halikuwa na kitu, maana hakuna aliyekuwa tayari kulinyooshea mkono. Mhina wa Bi Kalunde ulikuwa umeshachumwa mpaka umebaki vijiti. Bibi harusi akabaki na mikono mitupu, na jua limeshapita utosini.

Nyamizi akachukua kikapu, akawapa Swaumu na Mwanajuma, kila mmoja ashike sikio moja la kikapu. "Mtakwenda mtafute majani. Wote wawili. Na kila nyumba mtakayobisha hodi, msiseme tu hina imeharibika. Mseme nani ameiharibu, na kwa nini."

Fikiria mwenyewe safari hiyo. Nyumba ya kwanza wakaomba, wakasema sababu, mama mwenye nyumba akawasikiliza mpaka mwisho halafu akafunga mlango. Nyumba ya pili wakapewa konzi moja ya majani na maneno ya kujaza gunia. Ya tatu walichekwa. Wakatoka mjini, wakashika njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Kwihara, vumbi mpaka magotini, kikapu kinayumba katikati yao.

"Ulitaka niungue kweli?" akauliza Mwanajuma.

"Ndiyo."

"Mpaka vipi?"

"Mpaka usishike kalamu."

Wakatembea.

"Mimi nilidhani atakugombeza tu," akasema Mwanajuma.

"Alinipiga."

"Niliona."

"Ulicheka."

"Walicheka wote."

"Mimi nilikuona wewe."

Mwanajuma akavitazama vidole vya mwenzake. Baada ya hatua kadhaa akasema, "Vidole vyako vinatoka maji. Nipe kikapu nibebe mwenyewe." Swaumu hakumpa. Alikuwa bado ana hasira, usidhani hasira inakwisha kwa kutembea. Lakini mkono uliwaka kweli, mwishowe akaliachia lile sikio.

Wakafika Itetemia kwa kina Pelagia, maana Swaumu alikumbuka harufu ya mhina aliyowahi kuinusa pale. Kweli, nyuma ya nyumba, karibu na miti iliyotundikwa mizinga ya nyuki, palikuwa na mhina mkubwa umechanua wote, unavuma kwa nyuki. Baba yake Pelagia, Mzee Raymundi, alikuwa anachonga mzinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mnatembea kama wafungwa?"

Wakasema. Swaumu akasema lake lote, Mwanajuma akasema lake lote. Mara hii hakuna aliyeruka kitu. Pelagia alisimama mlangoni akisikiliza, ameziba mdomo kwa kiganja.

Mzee Raymundi akaweka tezo chini. "Kumbe huu mti ndio hina? Sisi miaka yote tunanusa tu." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Chukueni majani. Maua waachieni nyuki, hao hawajagombana na mtu. Na wewe mwenye vidole, Pelagia akupake asali hapo kabla hujaondoka."

Walipofika mjini, Bi Kalunde aliongoza kazi kwa makofi na vidole, ulimi umejaa mdomo. Majani mabichi yakatwangwa, yakatiwa maji ya ukwaju, bakuli likakalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto ili rangi itoke haraka. Ilipofika wakati wa kuonja, wote wakatazamana. Bi Kalunde asingeweza.

"Aonje yeye," akasema Mama Nyamizi, akimwonyesha Swaumu. "Mbele yetu."

Swaumu akachovya kijiti. Akalamba. Akafumba macho, maana hakujua kufanya vinginevyo. Ilikuwa chachu, yenye uchungu wa majani mabichi, na haikuwa na kitu kingine.

"Bado," akasema. "Ongezeni ukwaju."

Bi Kalunde akaitikia kwa kichwa.

Nyamizi alipakwa. Rangi haikuwa ile nyekundu nzito ya Bi Kalunde, ilikuwa ya machungwa, kwa sababu haikupata muda wa kutulia. Kwenye nikaha watu waliiona, na walisema, na Swaumu aliwasikia wakisema. Mwanajuma hakupakwa.

Jumatatu Mwanajuma alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Damas, dada yake alishamwahidi kwamba asipokwenda atarudi kutoka kwa mume aje amburute. Mwalimu akawapanga wanafunzi mstarini. Akasema, "Nilimpiga Swaumu bila kumuuliza swali hata moja. Nilikosea." Watoto wakatazamana, hawajawahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Mwanajuma akapewa kazi ya kuteka maji ya bustani ya shule mpaka likizo, na jina la Mikono ya Kutu likapigwa marufuku.

Ungedhani Swaumu alifurahi. Alifurahi, sikufichi. Lakini kidogo, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya. Bi Kalunde anakunywa uji kwa kijiko kama mgonjwa, haongei. Swaumu alitamani hata agombezwe. Alipika, alifagia, aliosha, akageuka kumtazama, bibi anamwangalia tu.

Siku uvimbe wa ulimi ulipopungua, Bi Kalunde alimwita akae mkekani. Maneno yalitoka taratibu, yenye kithembe.

"Ulionewa," akasema. "Hilo nianze nalo. Hasira yako ilikuwa na sababu."

Swaumu akaanza kulia.

"Usilie, sikiliza, maneno yangu siku hizi machache. Siku ile nilikuuliza mikono imefanya nini, ukasema umeanguka. Ungeniambia kweli, ningevaa kanga zangu nikaenda mpaka kwa mwalimu, na jambo lingekwisha hapo. Ukaona uamue mwenyewe, kimya kimya. Sasa tazama waliolipa. Mimi nililipa. Nyamizi alilipa, naye hakuwahi kukuita jina baya. Mwanajuma uliyemtaka ndiye pekee ambaye hakuguswa. Na angeguswa je? Angejifuta jicho na mkono ule, angekuwa kipofu kwa kosa la ukuta. Ungemrudishia nini?"

"Sina, bibi."

"Huna. Ukionewa, sema. Sema kwa mkubwa, na kama hakusikia, sema kwa mwingine, usichoke. Lakini usilipize kwa siri, maana huwezi kujua nani ataonja." Akamshika vidole, vilivyokuwa vinachubuka ngozi mpya. "Na jambo la mwisho, hili ni la kazi yetu. Mtu akikunyooshea mikono umpake hina, amekuamini. Hata kama ni adui yako. Siku hiyo humdhuru. Huwezi hilo, usishike kijiti."

Swaumu hakuruhusiwa kushika kijiti mwaka mzima. Alichuma majani tu.

Hapo ndipo kisa kinapoishia, lakini kuna kitu kimoja bado kinanisumbua, na nakuuliza wewe unayesoma. Umeonewa, umepigwa bure, na aliyekusingizia amekaa mbele yako anacheka. Bibi yako ameshika kijiti, anakizungusha, anaringa. Neno ni moja, na nafasi unayo. Lakini ukilisema, adui yako anapona na wewe unaumbuka. Niambie kweli, usinidanganye: wewe ungesema?